Kipindi cha Neema

Nimelipwa posho ya siku moja na soda
kuyavusha maneno ya Bwana Tuncay
hadi kwenye viti vya plastiki vya Kigwe.

Bwawa, anasema. Ukuta wa mita ishirini na moja.
Asilimia themanini na tano inatoka benki ya kwao,
zilizobaki Hazina.
Bima imeshakatwa: dhidi ya vita, dhidi ya mapinduzi,
dhidi ya serikali kubadili mawazo.
Namuuliza chinichini, na ukame?
Anapekua kurasa. Anapekua tena.
Hilo, anasema, ni tendo la Mungu,
tazama kifungu cha thelathini na nne.

Halafu anatamka lile neno, nami nalivusha bila kulipima:
miaka mitano, kipindi cha neema.
Kigwe nzima makofi.
Melea Chilewa anapiga kigelegele,
maana nani hapa asiyeijua neema?
Ni uwele uliobeba, ni mlenda mbichi,
ni ng'ombe usiyeweza kumhesabu mbavu.
Mitano mfululizo!
Tangu lini mbingu za Ugogo zikatia saini?

Subirini, nasema, nimekosea.
Hii ni neema ya mkopaji kuvuta pumzi.
Riba yenyewe haipumziki,
inaota usiku kama mbigili.
Makofi yanakatika mojamoja
kama manyunyu ya Januari.

Sakalani hakupiga tangu mwanzo.
Anauza maji kwa punda, ana daftari la kaya arobaini,
nani anadaiwa madumu mangapi.
"Maji ya bwawa tutayalipa kwa nini?"
Shilingi.
"Na nyinyi benki mtailipa kwa nini?"
Dola.
Anafunga daftari.
"Basi punda anapanda mlima,
na mlima nao unapanda."

Bwana Tuncay anangoja tafsiri, tabasamu tayari.
Jana usiku, ukuta wa hoteli ukiwa mwembamba,
nilimsikia kwenye simu akijitetea kwa mtu,
sauti ya mtoto aliyevunja chungu.
Namtafsiria punda. Namtafsiria mlima.
Anakaa kimya, kisha anaandika kitu
pembeni ya ukurasa, kwa penseli.

Siku ya kusaini, Dodoma mjini,
niliutafuta ukurasa ule.
Ulikuwa umechapwa upya,
pembeni peupe.
Kalamu zote mezani zilikuwa za wino.