Kidole Kimoja

Mpangaji wa chumba cha uani, Bi Shekiondo,
muuguzi, Msambaa, mwenye kikohozi cha vumbi letu,
alipohamishiwa Manyoni aliniachia deni la miezi miwili
na ua hili ndani ya kopo la rangi.
"Nitalifuata mvua zikianza," alisema.
Mvua zimeanza mara tatu.
Zimeanza, zikakatika, ndiyo Dodoma.

Ua halina habari. Linachanua tu,
zambarau iliyoiva, kwenye dirisha la jikoni,
na mizizi imetoboa kutu ya kopo,
inachungulia kama vidole vya mtoto
kwenye kiatu cha mwaka jana.

Leo maji ya bomba yametoka saa tisa usiku.
Nimejaza madumu, sikulala tena.
Nikatandika gazeti sakafuni.
Udongo wetu mwekundu haufai, ukikauka ni tofali;
nikachekecha samadi ya Msalato iliyolala miaka miwili,
mchanga wa korongoni,
majivu kiasi cha kulamba.

Chungu nilinunua kikubwa. Cha heshima.
Chilewa, jirani yangu, muuza miche wa Sabasaba,
alicheka mpaka akashika ukuta:
"Mama Ndahani, unalijengea ukumbi wa harusi?
Hilo huchanua likibanwa.
Liongezee kidole kimoja, basi.
Ukilipatia uwanja litaota majani mwaka mzima,
linatafuta kuta."

Kidole kimoja.
Nikapima kwa changu, chenye pete isiyovuka kifundo.

Nikaligeuza kichwa chini, nikagonga kitako cha kopo,
likatoka zima, na umbo la kopo lilelile:
mizizi myeupe imejisuka, imejizungusha,
hata mikunjo ya bati imejichora ubavuni.
Na katikati, udongo mweusi wa Lushoto,
konzi moja, bado una unyevu,
unanukia mahali nisipowahi kufika.

Chilewa akasema, kung'uta.
Sikukung'uta.

Sasa limekaa kwenye chungu cha mboga cha mama,
kile kilichotoboka kitako,
kigae cha sahani juu ya tundu.
Nalinywesha kwa chini,
maana tone la baridi huyaunguza majani yale ya manyoya.
Ua moja limedondoka kwa hamaki. Manne yapo.

Chungu kikubwa nimekiweka nje ya chumba cha uani,
kitupu.
Mpangaji mpya ameuliza ni cha nini.
Nimemwambia apite pembeni,
asikisogeze.