Chapa ya Tatu

Ndala ya mguu mmoja haina bei.
Babirye ananiwekea gunia zima pale Soko la Amber Court,
na yeye mwenyewe pacha, anacheka:
"Dada, leo nimekuletea wajane kumi na wawili."
Nakata visigino, penye raba nene
iliyozoea uzito wa mtu.

Hapa Walukuba, chumba kimoja, mlango wa bluu,
nachonga maua kwa wembe na pini ya nepi.
Sichongi waridi. Waridi limetuchosha,
limo kwenye sabuni, kwenye shuka, kwenye chupa ya chai.
Nachonga ua la kiazi vitamu,
ambalo hakuna aliyewahi kulipanda kwa kuwa ni ua:
tarumbeta ndogo ya zambarau, koo limekolea,
linachanua alfajiri miguuni pa mkulima
na jua likipanda limeshajikunja kama barua.

Maneno ni kazi nyingine.
Maneno huchongwa kinyume.
Ukitaka POLE unachonga ELOP, na kila herufi imekupa kisogo;
ukisahau, kadi inasema upuuzi kwa mwandiko safi.
Nimejifunza kusoma HONGERA kwa nyuma
kama mtu anayetoka harusini kinyumenyume.

Pedi ya wino ni ya baba.
Alikuwa karani wa stoo, kiwanda cha nguo,
mihuri yake sita ikining'inia kiunoni kama funguo.
Ule wa tarehe gurudumu limeshika kutu:
9 JUNI, na mwaka ambao sitautaja.
Siku hiyo waliambiwa waende nyumbani, wasubiri.
Aliutia mfukoni badala ya mshahara.
Nyuma ya kila kadi, chini kabisa, naugonga.
Wateja huuliza, siku hiyo kulitokea nini?
Nawaambia: tunasubiri.

Juzi akaja Isabirye, fundi wa pampu,
mikono imejaa grisi, ameificha nyuma,
anaogopa kugusa kitu.
Kadi ya dada yake, kule Kamuli.
Miaka kumi na mmoja hawajasalimiana.
Hatua tatu za shamba, basi,
hatua tatu na mche wa kahawa uliokwisha kukauka.

"Iandikwe nini?"
Akaitazama mihuri mezani,
POLE, ASANTE, IDI NJEMA, MUNGU AKUZIDISHIE,
akaisoma yote polepole, kinyume vile vile ilivyo.
"Hakuna," akasema. "Ua tu.
Ua atalijua. Tulilima wote."

Nikabonyeza raba kwenye wino, nikagonga.
Chapa ya kwanza hunona, wino hufurika kingoni
kama mtu anayeomba msamaha kwa kelele.
Ya pili ni safi, ndiyo ninayouza.
Ya tatu, usipoongeza wino,
ndipo raba yenyewe inapojitokeza:
mikwaruzo ya njia, tundu la kokoto
alilolikanyaga mtu nisiyemjua
akienda nisikokujua.
Nusu ya ua ipo. Nusu unaikumbuka.
Hiyo huwa naiweka pembeni, niwashie jiko.

"Hiyo," akasema Isabirye.

Sikubishana. Nikaigonga upya kwenye karatasi nzuri,
moja, mbili kwenye gazeti, ya tatu kwenye kadi.
Nikaigeuza. Mkono ukaufuata muhuri wa baba kwa mazoea,
nikauzuia hewani.
Nyuma tukapaacha peupe.

Akatoa elfu tatu, akaipokea kadi kwa mikono miwili
kama anayepokea mtoto, akasahau grisi.
Dole gumba likabaki pembeni mwa ua,
jeusi, mistari yote inahesabika.
Akashtuka. Akataka nimtengenezee nyingine.

Nilikuwa nimeshalamba bahasha.