Mahindi ya Nyawera

Mimi nachoma mahindi Nyawera, kona ya kushukia sokoni,
miaka kumi na moja, jiko lile lile la ringi ya gari.
Ada za shule zimetoka humu, kaa kwa kaa,
na waya za meno ya Nsimire pia, malipo ya kwanza,
kabla shangazi yake wa Uvira hajamalizia.

Daktari akaniita ndani. Akahesabu kwa kalamu:
muwa, hapana. Karanga za kukaanga, hapana.
Chingamu, pipi za kunata, hapana, hata Noeli.
Kisha akanusa kitenge changu, akatabasamu:
"Na mahindi ya kuchoma, mama. Hayo hasa."

Nilicheka mpaka mlangoni.
Kwenye ngazi sikucheka tena.

Basi nyumbani tukahamia ulaini.
Bugali nausonga hadi usiwe na donge hata la kusingiziwa,
sombe natwanga mara mbili, jirani anauliza mgeni ni nani,
maharagwe ya Kabare yanalala majini.
Sambaza nilizidhani salama, kumbe miiba yake
huingia chini ya waya kama mwizi chini ya bati.
Parachichi ndiyo nyama yetu sasa.
Chai, sukari nusu kijiko: sukari hukaa kando ya vile vifungo
ikachimba polepole, bila kibali,
kama vijana wa Kamituga.

Jumanne mvua ikanirudisha na mahindi saba.
Saba, ya moto, chumvi na pilipili!
Wadogo zake wakatafuna mbele yake, kra, kra,
kama panya wenye haki zao.
Yeye akanywa uji, macho ukutani.

Usiku nikasikia.
Hakuna sikio linaloijua sauti ile kuliko langu.
Sikuamka.

Asubuhi, chini ya kitanda, gunzi
limegugunwa upande mmoja, kwa adabu,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake,
na kati ya safu na safu
kidude cha chuma, kidogo kuliko punje.

Nikakiosha. Nikakifunga katika karatasi ya daftari.
Kukibandika upya ni bei ya mahindi arobaini;
sijui kuhesabu fedha kwa njia nyingine.

Njia nzima ya Nguba hakusema, kiganja mdomoni.
Nikamuuliza tu: lilikuwa limeiva?

Akashusha kiganja. Akacheka kwa waya zote
na kwa nafasi ya kile kimoja kilichokosekana:
"Upande mmoja, mama, uliunguza."