Lango Moja

Baba mkwe alituachia robo tatu ya ekari
na lango moja la maji.
Lango haligawiki.
Wifi yangu Nyemo alipima shamba kwa kamba,
akarudia kwa hatua,
mfereji ukabaki palepale upande wa juu,
umenyooka kama shingo yake siku ya matanga.

Basi nikapanda mtama.
Naye kwa hasira akapanda kunde
katikati ya mistari yangu.

Hapa Hombolo zamu za maji anaziandika Chilongani.
Hakutuuliza. Aliandika mstari mmoja:
*Mtama-kunde, Jumatano, saa nne usiku.*
Kistari kidogo cha kalamu ya bluu
kikatuunganisha, sisi
ambao hata msiba haukutuunganisha.

Mwanzoni bwawa lilikuwa limefura.
Kila siku ya tano tunafungua,
na kunde zikalewa.
Majani mapana kama viganja, ua hata moja,
zikajisokota kwenye mabua yangu, zikayainamisha.
Nikasema moyoni: ndivyo walivyo ukoo huu,
ukiwashibisha wanakupanda kichwani.

Februari mvua ikakata, kama kawaida yake.
Zamu ikawa siku ya kumi,
halafu ya kumi na nne,
Chilongani sasa anaandika kwa penseli.
Kwa jirani, penye mtama mtupu,
ardhi ilipasuka nyufa za kumeza kidole.
Kwangu nilipiga magoti,
nikapenyeza mkono chini ya majani ya Nyemo:
ubaridi.
Udongo umeshikana kidogo,
kama unga uliotiwa maji ya kwanza.
Kumbe kivuli cha mwanamke yule
kilikuwa kinanitunzia akiba.

Nikang'oa mche mmoja. Wake. Nakiri.
Mizizini kulikuwa na vifundo, vidogo kama punje za uwele.
Nikapasua kimoja kwa ukucha,
ndani chekundu, rangi ya ufizi wa mtoto.
Bwana shamba aliwahi kusema
humo ndimo chakula cha udongo kinamopikwa.
Sikuwa nimemwamini.
Nilijua jiko liko nyuma ya nyumba,
sikujua liko chini ya mmea.
Nikaufukia tena. Haukushika.

Jumatano ile Nyemo alikuja na tochi,
akaimulika mistari, akafika penye pengo,
tochi ikasimama.
Nilishika jembe kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka.
Kisha mwanga ukasogea mbele.
“Fungua,” akasema.
“Nimefungua.”
Miaka miwili, na maneno yenyewe ni hayo.
Maji yalikuja membamba, yana takataka,
yakanusa mstari wa kwanza, wa pili,
ya tatu hayakufika.
Tukayasukuma kwa miguu,
wawili, pekupeku,
kama watu wanaofukuza kuku usiku.

Mavuno sitayapamba.
Mtama magunia matatu na debe,
mwaka juzi, ukiwa peke yake, na maji tele,
ulitoa manne.
Lakini kunde, zilipoonja kiu,
ziliacha ulevi zikazaa:
debe saba,
mbali na majani tuliyochuma tangu Januari,
tukayachemsha, tukayaanika,
yakatosha vyungu viwili vya mboga ya kiangazi.
Jirani alivuna gunia moja.
Alikuja kuangalia mistari yetu,
akaondoka bila kuaga.

Chilongani akauliza: mwakani niwaandikeje?
Nyemo akajibu kabla yangu:
“Hivyohivyo. Ila kunde zichelewe wiki mbili,
zisimpande mwenzake angali mchanga.”
Nikasema wiki moja.
Akasema mbili, wewe hujui kunde.
Nikasema wewe hujui mtama.
Tunabishana hadi leo,
kisimani, mashineni, hata kanisani kwa macho.

Mbegu zake ziko kwangu,
ndani ya chungu, zimelala na majivu.
Kwake kuna panya.