Kamba ya Marjun

Huku Faroe miti ni hadithi. Upepo umevinyoa visiwa kipara.
Paa zetu ni za majani mabichi, kondoo hupanda juu kula.
Mbao za boti huletwa na meli,
lakini kamba tunasokota wenyewe,
na aliyewashinda wote kusokota ni mama yangu, Marjun.

Mdogo wangu Mikkjal alikuwa na miaka kumi na tisa
wimbi la Februari lilipomzoa.
Kamba kiunoni mwake, ncha ya pili kwenye boti,
na boti imelala ubavu, inakunywa maji.
Nilikuwa na kisu cha kupasulia chewa.
Hesabu niliipiga upesi mno.

Kabla ya kufika gatini niliifumua ncha kwa meno,
uzi baada ya uzi, ionekane imechakaa.
"Imekatika, mama."
Akaipokea, akaitundika msumarini
bandani, upepo unamokausha nyama.
Hakusema neno.

Ncha ile haikukauka.
Miaka ishirini na miwili ilidondosha chumvi,
na kila Februari ikarefuka pima moja.
Nilijifanya nafagia.
Mwaka huu ikavuka kizingiti, ikateremka mawe, ikaingia baharini,
na asubuhi moja nikaikuta imekaza
kama mshipi ulionasa kitu kizito.

Nikashusha boti. Nikajivuta kwa kamba, mkono mbele ya mkono,
siku tatu, kaskazini.
Ukungu ulikuwa mzito, nikasikia nyangumi akipumua
nisijue ni yeye au ni mimi.
Usiku wa pili bahari ilikuwa imekunjwa kama blanketi,
na katika kila kunjo taa ya boti niliyoijua:
Sunnefa ya mzee Jákup, ile ya Dánjal na wanawe.
Hakuna aliyenipungia.

Siku ya tatu akaibuka sili jike, masharubu meupe.
"Nauli."
Nikampa saa yangu. Akaitema.
"Nimekuja kutubu," nikasema.
Akacheka mpaka boti ikayumba.
"Hiyo huja nayo kila mtu. Nipe yale meno."
Akayachukua manne, ya mbele, bila kunitonesha damu.
Maji yakafunguka ngazi.

Chini, juu ya jiwe, Mikkjal wa miaka kumi na tisa
alikuwa akisokota nywele za waliozama.
Hakuinua macho.

    Kisu hakikunichoma,
    nilisamehe nazama,
    hata chini sijakoma;
    ungezama nawe pia.

    Bali ulimi mwepesi,
    uliosema upesi
    "kamba imekwisha, basi,"
    huo sijauachia.

    Kamba nani kaisuka,
    uzi kwa uzi kuweka,
    kiunoni kanivika:
    "Nenda, itavumilia"?

    Mama kaweka sindano,
    aichukia mikono,
    miaka hii, kwa neno
    ulilomfikishia.

Nami nilidhani kimya chake ni msiba tu.
Akanikabidhi ncha iliyobaki kwake,
mkato ulionyooka, safi kama siku ile.

Nilimkuta mama akimenya viazi.
Nikaiweka mezani. Nikafungua kinywa,
mapengo yakatoa mluzi. Nikarudia:
"Mimi ndiye niliyekata. Kamba yako ilikuwa nzima."

Akaipeleka dirishani. Akapitisha kidole gumba juu ya mkato.
Kisha akaitazama mikono yake, nje na ndani,
kama mtu aliyerudishiwa kitu cha wizi
na hajui tena pa kukiweka.
"Toka," akasema. "Leo usiniite mama."

Nililala bandani, chini ya mapaja ya kondoo.
Msumari ulikuwa mkavu.
Usiku wa manane, ng'ambo ya ukuta, sindano mbili zikaanza,
zikasita, zikakosea, zikafumua,
zikaanza tena.