Nyuzi Nane

Mita ya LUKU inasoma moja nukta mbili.
Nyuma ya duka la fotokopi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
nimekaa na feni inayozunguka kwa kuchechemea
na madaftari arobaini na moja ya shamba la mkonge
niliyoyapiga picha ukurasa kwa ukurasa tangu mfungo uandame.
Gigabaiti mia mbili na kumi.
Diski ya kupeleka Korogwe alfajiri
inabeba mia na ishirini na nane.

Shekigenda, mwenye duka, alinishauri kwa wema:
"Punguza ubora, dada. Nani atahesabu vumbi?"
Nikajaribu ukurasa mmoja.
Picha ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu.
Majina yalisomeka, dole gumba lilionekana.
Nukta moja ilikuwa imekufa.

Niseme nukta ipi.
Babu alitoka Kasulu, manamba, jina lake Bitaliho.
Karani akasikia alivyosikia,
akaandika kwa wino wa zambarau: Bi. Taliho.
Miaka tisa babu yangu, na ndevu zake,
alikata mkonge kwa jina la mke wa mtu,
na kila Jumamosi ya mshahara foleni nzima ikaangua kicheko,
naye akacheka, akabonyeza dole.
Kicheko chote kimo katika nukta ile.

Basi nikafungua dirisha jeusi,
lisilo picha wala kitufe,
kishale kinapepesa kama jicho lenye mchanga.
Nikaandika amri, mstari mmoja:
bana, usipoteze kitu, tumia nyuzi nane.
Enta.

Kwanza kimya, kama mtu anayehesabu kichwani.
Kisha mashine ikanguruma
na vipimo vinane vikapanda pamoja hadi mia.
Bonge limekatwa vipande,
kila uzi umeshika kipande chake,
nami siwezi kulitaja neno hilo
nisiione kadi ya babu: visanduku thelathini,
siku ya kazi alama,
siku ya homa tupu.

Uzi wa tatu haumngoji wa nne.
Uliopata kurasa nyeupe umemaliza, umepewa kingine;
ulioangukia madoa ya chai ya karani
bado unahema.

Wala si uchawi. Kilichokwisha kusemwa hakirudiwi.
Kata kata kata kata
inakuwa kata, mara nne.
Weupe wa karatasi unaelezwa mara moja,
baada ya hapo ni "kama kule, kama kule".
Hata kule korona, singa zilipokauka,
zilishindiliwa robota mpaka hewa itoke.
Hewa tu.

Saa sita na robo mita ikaanza kulia ukutani.
Nimetuma elfu mbili; tokeni haiji.
Asilimia themanini na tisa.
Nikazima taa. Nikazima friji ya soda za watu.
Tisini na tatu.
Nikakaa gizani na mwanga wa herufi usoni,
nikiwahimiza nyuzi kama mnyapara,
nikaona haya, nikanyamaza.

Meseji ikaingia. Tarakimu ishirini, vidole vikakosea mara mbili.
Niliporudi kitini kazi ilikuwa imekwisha:
tisini na saba.

Tanga, waja leo waondoka leo:
palepale nikalifumua robota kwenye diski nyingine,
nikapima alama ya kabla na alama ya baada,
herufi na tarakimu sitini na nne,
nikizifuata kwa kidole kama mtoto wa chuo.
Sawa. Sawa. Mpaka ya mwisho, sawa.

Daftari la kumi na saba, mstari wa ishirini na mbili.
Wino wa zambarau. Bi. Taliho.
Baba aliniomba, maadamu mashine inaweza,
nimsahihishie mzee jina lake.
Nikasogeza kishale hadi juu ya nukta.
Kikapepesa hapo kitambo.

Nikakiondoa.
Nikaiwasha tena friji ya watu.