Nyuma ya Kioo

Julai, Kariobangi Kusini. Baridi imekaa dirishani
kama mdai aliyekataa chai.
Nasugua kalibu kwa pamba, kishimo kwa kishimo,
ishirini na vinne kwa bamba, mabamba manane,
hadi kila kishimo kinirudishie taa ya dari,
taa ndogo ishirini na nne, zote zinawaka.
Doa moja la kidole humu
na chokoleti itatoka na kovu.

Harusi ya Loresho, Jumamosi: mia moja themanini, na za akiba.
Siagi ya kakao nimeiyeyusha kwenye bakuli za uji:
nyeupe, dhahabu, nyekundu ya buni iliyoiva,
na buluu ambayo bibi harusi aliileta kwa kipande cha kitenge
akasema, "Hii hii, dada. Si ya mbingu, si ya kalamu."
Nimeichanganya mara tano. Ya tano imekubali.
Kipimajoto kinasema thelathini na moja.
Ikizidi, itatoka imepauka;
ikipungua, itaganda kwenye brashi
nami nibaki nikipaka hasira.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wanaojifunza hupotea:
kinachoonekana mbele hupakwa mwanzo.
Nukta ya dhahabu, ile itakayokaa juu ya yote,
ndiyo inayotangulia kuingia.
Halafu mstari mwekundu. Halafu buluu nyuma ya mstari.
Halafu nyeupe nyuma ya buluu, isimezwe na weusi wa chokoleti.
Unajenga nyumba kuanzia kwenye rangi
ukielekea kwenye matofali.
Na ukikosea mwanzo, huna cha kufunika juu:
juu ndiko chini, na umeshapaka.

Sikufundishwa haya na mpishi.
Baba, Nyamweya fundi mabango,
aliandika vioo vya bucha na vya vinyozi, Ngara hadi Burma,
akiwa ndani ya duka, mvua isimlambie kazi,
herufi kinyume, kutoka kulia,
ukingo kwanza, tumbo la herufi baadaye.
Mimi, miaka tisa, nilisimama nje nikimsomea.
"Baba, S imegeuka. Inakutazama wewe."
Akacheka, akafuta kwa kitambaa cha mafuta taa,
akaigeuza itazame wateja,
na bucha ikasema NYAMA SAFI
hata siku ambazo haikuwa.

Saa nne usiku stima ikapotea.
Mtaa mzima ukaguna mguno mmoja.
Buluu ikaanza kushika pembeni mwa bakuli.
Nikaitia kwapani, chini ya sweta,
nikahesabu pumzi, nikaitoa, nikakoroga,
nikapaka vishimo kumi na saba vya mwisho
kwa mwanga wa simu niliyoing'ata kwa meno.
Usiniulize vipimo.

Kesho yake ukuta, ujazo wa pasheni, kifuniko.
Stima haikuwa imerudi;
baridi, mdai yule yule, ikafanya kazi ya friji.
Keshokutwa nikageuza bamba, nikaligonga mara moja mezani.
Zikaanguka kwa sauti ya shanga.
Zile za gizani sikuweza kuzitenga na wenzake,
isipokuwa moja: nukta ya dhahabu ilikimbia
ikaacha mkia.

Hiyo nikampelekea baba.
Ana sukari tangu mwaka juzi, haruhusiwi,
na jicho la kushoto limeota mtoto.
Hakuuliza ina nini ndani.
Akaishika kwa kucha mbili, asiache alama,
akaipeleka dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena,
kama anayetafuta upande niliosimama nilipokuwa nikipaka.

"Ulianza na hii," akasema,
kidole karibu na mkia, bila kuugusa.
"Ndiyo."
"Gizani."
"Stima ilipotea."

Akaiweka kwenye kisahani, juu ya redio,
uso ukitazama chumba.
Wiki ya tatu sasa.
Mama hupangusa vumbi akiizunguka.